Mgomba Uliozikwa Mwaka wa Uhuru

Kokushubila hakuwa mtu wa ugomvi. Jembe lake likiazimwa lisirudi, alinyamaza. Mbuzi wa jirani akila mihogo yake, alimfukuza mbuzi na kumsalimia jirani. Kitu kimoja tu kilimpandisha hasira, nacho ni mahali pake pa kuzikwa. Alitaka alazwe upande wa kushoto wa mumewe, Datius Kashaija, ndani ya kibanja chao cha migomba kule Muleba, ukingoni mwa mwamba unaotazama ziwa, hatua tatu kutoka kwenye mbuni wa mwisho wa kahawa. Hapo na si penginepo. Alikwisha kupapima kwa fimbo, na kila aliyeingia kibanjani kwake alionyeshwa, apende asipende.

Sababu ya ung'ang'anizi huo alipewa na bibi yake mzaa mama, tangu akiwa binti mdogo wa kuchota maji. Bibi alimwambia kwamba mtu akifa hajui njia, lazima aje wa kumfuata. Watu wa zamani walimwita Mtangulizi, kwa kuwa hutembea mbele na hageuki nyuma: mzee mwenye lubugo begani, lile vazi la gome la mti, na mwenge wa matete unaowaka hata jua likiwa la utosi. Huja mara moja tu kwa kila mtu na jina lake. Hulitaja, na mwenye jina huinuka akamfuata, akapelekwa kwa yule anayemngoja: mtoto kwa bibi yake, mke kwa mume wake. Mke asiye na mume wa kumpokea, alisema bibi, afadhali asingekufa.

Padre wa misheni alikuwa na maneno mengine. Alisema huko juu hakuna mambo ya kuoa wala kuolewa. Kokushubila alimsikiliza kwa adabu, akapiga ishara ya msalaba, akarudi nyumbani na imani zake zote mbili. Hakuona kwa nini Bwana Mungu, mwenye kupokea wageni wengi namna ile, asiwe na mtu wa kuwaonyesha njia.

Aliolewa mwaka 1944, misa asubuhi na lubisi, ile pombe ya ndizi, mchana. Ndoa ya padre ilifungwa kanisani. Ya ukoo ilifungwa jioni, baba mkwe alipomshika mkono akamkalisha mapajani pake mbele ya watu wote. Ndivyo walivyofanya Wahaya. Aliyekalishwa mapajani amezaliwa upya katika nyumba ile, ni mtoto wa hapo, na kwao alikotoka si kwao tena. Sasa Kokushubila alikuwa na mwili wake, na baba mkwe alikuwa mkavu, akaguna kidogo alipolemewa, na Datius akacheka mpaka shangazi zake wakamkemea. Huyo ndiye Datius. Ualimu ulimshinda, ukatekista ulimshinda, hata lubisi aliyoipika mwenyewe watu waliinywa kwa kumwonea huruma. Lakini alijua kumchekesha mkewe, na mwanamke aliyechekeshwa miaka kumi na saba hasahau kirahisi.

Kila Novemba senene, wale panzi wa msimu, walipotua, Kokushubila aliwaokota kwenye majani yenye umande, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa chumvi, akampelekea mumewe sahani. Yeye hakula. Mwanamke wa Kihaya wa siku zile hakula senene. Aliwaokota, mume akala, mume akamtafutia nguo mpya. Datius alikuwa akila huku akimpitishia mmoja mmoja mbele ya pua.

"Onja basi, Mama Immakulata. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Mimi nitafumba macho."

"Na utachungulia, nakujua," alijibu, wakacheka wote wawili, na sahani ikaisha bila yeye kuonja hata mmoja.

Mwishoni mwa Novemba 1961, nchi nzima ikijiandaa kwa Uhuru, Datius alipanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Bumbire kutafuta samaki wa sherehe. Wakati wa kurudi mtumbwi ulipinduka. Watu watano walikuwemo. Wanne waliokotwa wamekufa ndani ya siku mbili, na Datius hakuonekana.

Msiba usio na maiti ni mzigo. Katika ukoo ule, mtu akipotelea majini alingojwa siku tisa. Siku ya tisa ulikatwa mgomba alioupanda kwa mkono wake, ukaoshwa, ukaviringishwa kwenye lubugo, ukazikwa kwa jina lake, na hapo Mtangulizi akawa ameitwa. Lakini wa kutoa neno ni mke. Asiposema "zikeni", hakuna wa kushika jembe. Na lilikuwa neno zito, kwa sababu mtu akishazikwa namna hiyo amekwisha kufa hata kama anapumua. Akija kutokea, akavuka mlango wa kibanja chake, atamchukua mmoja wa nyumba ile awe badala yake. Watoto waliyajua hayo kabla ya kujua kuhesabu.

Kokushubila alisema "zikeni" siku ya sita.

Hakuna aliyemlazimisha. Ni kweli kwamba shemeji yake Damian, mdogo wake Datius, alikuwa akiitazama kalenda kila saa, maana matanga na bendera vilikuwa vinagongana. Ni kweli kwamba wanawake walikuwa wamechoka kulalia majani. Lakini si hilo. Kila alipofumba macho alimwona Datius chini ya maji, peke yake, hajui aende wapi, hana hata mtu wa kumtania. Siku tatu zaidi kwenye baridi ile, za nini? Kwa kumpenda alimharakisha. Ningesema kosa hilo angelifanya yeyote, lakini si kweli. Asiyempenda angengoja siku tisa bila taabu.

Wakazika mgomba wa lubisi, kwa kuwa ndio pekee Datius aliowahi kuupanda bila kusukumwa.

Baada ya hapo Kokushubila alikaa. Damian alipoleta habari za kumrithi, alijibiwa kwa neno moja: "Nina mume." Binti yake Immakulata aliolewa Bilele, mjini Bukoba, akamwomba mama yake ahamie huko, akajibiwa hivyo hivyo. Kila Jumapili baada ya misa, Kokushubila aliketi kaburini na kumpa Datius habari. Alimwambia bendera ilivyopanda. Alimwambia machifu wameondolewa na nani alilia na nani alijifanya kulia. Azimio la Arusha alijaribu kumweleza mara mbili, akajikanganya mwenyewe, akamwambia atamfafanulia vizuri wakionana. Mwezi wa senene alikaanga sahani akaiweka juu ya kaburi. Kunguru walikula, naye alijifanya haoni. Alikuwa mjane mwenye furaha kuliko wake wengi wenye waume, na nina hakika na hilo, kwa kuwa alikuwa na mtu wa kumngoja na alijua mtu huyo anamngoja yeye.

Halafu ukaja mwaka 1974 na operesheni ya kuhamia vijijini. Vibanja vilivyoshikana viliachwa, maana Muhaya ukimhamisha kutoka kwenye migomba yake utampeleka wapi. Lakini kibanja cha Kokushubila kilikuwa pembeni kabisa, nyumba saba tu kwenye ukingo wa mwamba, mbali na shule, mbali na zahanati. Kamati ikaamua nyumba hizo saba zishuke kwenye rweya, ile nyika ya nyasi tupu isiyootesha hata mgomba mmoja wa maana, zipangwe kwenye mstari kando ya barabara.

"Na kaburi je?" aliuliza Kokushubila mkutanoni.

Katibu wa kijiji, mtu mpole, aliandika "kaburi" kwenye daftari lake, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, akaendelea na ajenda. Kwenye ramani ya kijiji kipya makaburi yalikwisha kuchorewa eneo lao, nayo kwa mstari.

Kibanda alichopewa kilikuwa cha fito na nyasi. Masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma, maji yakaingia juu na chini, na kufikia Mei kifua kilikuwa kimembana hasemi. Siku moja mchana, jua limetoka kidogo na majirani wakiwa shambani kwa pamoja, mtu alisimama mlangoni akiwa amempa mgongo. Begani alikuwa na lubugo. Mkononi alikuwa na mwenge wa matete, unawaka mchana kweupe.

"Kokushubila," aliita.

Kifua kikafunguka. Akainuka mwepesi kama hakuwahi kuugua, akajifunga kanga, akaona hata aibu kwamba hakuwa ameoga.

"Nimekutafuta kule mwambani," mzee alisema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. "Nimekuta migomba na mbigili. Siku hizi mnanitembeza sana ninyi watu."

"Utusamehe, Ta. Ni serikali," alisema Kokushubila, akimwita kama aitwavyo mzee wa heshima. "Ila mimi niko tayari, nimengoja miaka kumi na mitatu. Datius hajambo?"

"Datius yupi?"

"Mume wangu. Datius Kashaija. Ulimfuata mwaka wa Uhuru, kabla bendera haijapanda."

Mwenge ukapasuka cheche mbili tatu.

"Nilikuja, maana niliitwa," alisema hatimaye. "Nikafika kaburini, nikataja jina, hakuinuka mtu. Nikachungulia nikaona mgomba. Nilirudi mikono mitupu, Ma, jambo ambalo halijawahi kunipata, na nilichekwa."

"Yuko wapi basi?"

"Kisiwani Goziba. Mwaka juzi nilikwenda kule kumfuata mvuvi mmoja, nikamwona kwa macho yangu anaanika dagaa. Amenenepa."

Kokushubila akakaa chini. Angependa kusema alifurahi kwamba mumewe yu hai, na baadaye alijaribu kujiambia hivyo. Lakini kwanza kabisa aliona haya. Zile Jumapili zote zilimpita mbele ya macho, na yeye ameketi juu ya mgomba uliooza anaueleza Azimio la Arusha.

"Siku akifa kweli utamfuata?" aliuliza.

"Jina lile nimekwisha kulifuata. Siji mara mbili kwa jina moja."

"Atabaki wapi?"

"Palepale atakapofia. Hatamwona mtu na hataonwa."

"Na mimi utanipeleka kwa nani?"

"Hilo ndilo nilitaka kukuuliza wewe."

Hapo Kokushubila, ambaye hakuwa mtu wa ugomvi, aligomba. Alimwambia Mtangulizi kwamba hatoki mle ndani, na akitaka ambebe kwa nguvu, na aone kama mgongo wake utaweza. Mzee alisikiliza. Nadhani alikuwa na huruma, au mgongo ulikuwa unamsumbua kweli. Akamwambia kuna njia. Aliyezikwa bure anaweza kuzaliwa upya: akalishwe mapajani na mkubwa wa ukoo, apewe jina jipya mbele ya watu, na kwa kuwa mtu huyo hajawahi kufuatwa kwa jina hilo, yeye atalifuata siku ikifika. Akishakalishwa hivyo anaweza kuvuka mlango wake bila kumdhuru mtu.

"Lakini fanyeni haraka. Wewe bado sijakufuata, safari hii tuseme nilikuja kuuliza njia tu. Senene wakitua nitarudi kwako, na safari hiyo sitaki maneno."

Majirani waliporudi walimkuta ameketi, anahema vizuri, anaomba uji. Wewe uamini usiamini, ni shauri lako. Yeye aliamini.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Byabato, baba mdogo wa Datius, mzee wa kupita themanini, naye amehamishiwa rweya kwenye kibanda cha tano. Kokushubila alipiga magoti akamwambia yote. Byabato alitafakari, akayatazama mapaja yake yaliyobaki mifupa.

"Datius alikuwa mzito?"

"Wanasema amenenepa, Ta."

"Basi mnikalishe kwenye mkeka, mgongo niuegemeze ukutani. Nitamkalisha. Hata nikivunjika, nitavunjika nimemrudisha mtoto." Akafikiri tena. "Jina ninalo. Nitampa la baba yangu."

Kokushubila akalia. Yalikuwa machozi mazuri, ya mwisho ya namna ile.

Nguvu zilirudi taratibu, ikawa Oktoba kabla hajaweza kusafiri. Alishuka mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, akapata nafasi kwenye boti ya wavuvi iliyokuwa inapeleka chumvi na ndizi visiwani. Alikuwa hajagusa ziwa tangu mwaka wa Uhuru. Alikaa katikati ya mikungu, macho kafumba, rozari mkononi, akipanga maneno ya kumwambia Datius. Alikuwa ameamua atamtukana kidogo kwanza, kwa kustahili kwake, ndipo amwambie warudi nyumbani. Goziba iko mbali, ng'ambo ya visiwa vyote, na wavuvi walimwambia mara tatu kwamba wanakaribia kabla hawajakaribia.

Kisiwani hakuna aliyemjua Datius Kashaija. Aliwaeleza: Muhaya, mtu wa mzaha, si mvuvi hodari sana. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa juani akacheka.

"Huyo ni Ramadhani. Nyumba ile pale, ya Ashura."

Nyumbani kwa Ashura alikaribishwa vizuri mno. Ashura alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, mwenye watoto watatu wa kufuatana, na wa katikati alikuwa na kicheko cha Datius. Alimwekea mgeni kiti kivulini, akamletea chai ya maziwa, akamwita mama. Ilikuwa ngumu kumchukia, na Kokushubila alijaribu.

Datius akaja kutoka ufukweni na nyavu begani. Alimwona, akasimama. Nyavu zikateleza zikaanguka. Kweli alikuwa amenenepa, na nywele zimeingia mvi, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa ule ule wa arusi yao. Halafu akamgeukia Ashura.

"Huyu ni mtu wa kwetu," alisema.

Kokushubila akainywa chai yake mpaka ikaisha. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Walitembea wawili mpaka mawe ya upande wa pili, ambako upepo huzuia watu kusikia. Yale matusi aliyoyapanga hayakutoka hata moja.

"Ulikuwa hai," alisema tu.

"Niliokotwa na watu wa huku. Nilikuwa na homa mwezi mzima, sijui hata jina langu," alisema Datius. "Nilipopona nilirudi, Mama Immakulata. Nakuapia. Ilikuwa Januari. Nilishuka mwaloni, nikapanda mwamba, nikafika mpaka mlangoni mwa kibanja. Nikaona kaburi. Na wewe umekaa juu yake, umenyoa kichwa."

"Ungeniita."

"Ningeitaje? Nilikuwa nimezikwa. Ningevuka pale ningemwua mtoto, au wewe. Nilihesabu siku, nikafikiri labda mlingoja tisa, labda mlingoja hata kumi."

Kokushubila alitazama maji. "Sita," alisema. "Tulingoja sita. Mimi ndiye nilisema."

Datius alichukua jiwe dogo, akalirudisha chini.

"Tena ulikuwa unacheka," alisema. "Hilo ndilo lililonirudisha. Nilijificha kwenye migomba nikakuona umekaa juu ya kaburi langu, unaongea peke yako, unacheka. Nikasema, huyu ameshapona. Nisimwamshie msiba tena."

"Nilikuwa nacheka na wewe, Baba Immakulata," alisema Kokushubila. "Nilikuwa nakusimulia jinsi Damian alivyoanguka na mti wa bendera."

Wakakaa. Kulikuwa na ndege wengi weupe kwenye mawe yale, wanapiga kelele zao. Kisha Kokushubila akakusanya nguvu akamweleza habari ya Mtangulizi na ya Byabato, kwamba mapaja yanamngoja, jina lipo tayari, arudi kabla senene hawajatua. Alipomaliza alimwona Datius ameinamisha kichwa.

"Nimekwisha kukalishwa," alisema.

"Na nani?"

"Baba yake Ashura. Marehemu sasa. Hakuwa na mtoto wa kiume. Mimi niliogopa, Kokushubila. Mtu aliyezikwa, asiye na jina, nikifa ninafuatwa na nani? Nikamweleza desturi yetu, nikamwomba. Wao hawana jambo hilo, alicheka sana, lakini alinikalisha mapajani mbele ya watu, akaniita Ramadhani. Nilikuwa na miaka arobaini na moja." Akajaribu kutabasamu. "Aliguna kama baba alipokukalisha wewe."

Hapo ndipo Kokushubila alipoelewa, na alielewa yote kwa mara moja. Datius hakuwa amepotea. Siku ikifika, Mtangulizi atakuja Goziba, ataita Ramadhani, na Ramadhani atainuka apelekwe kwa yule mzee aliyemkalisha, na Ashura atapelekwa kwa Ramadhani. Mambo yao yalikuwa sawa. Hakuna wa kuzaliwa mara tatu. Mume wake yeye alikuwa Datius Kashaija, na Datius Kashaija alikuwa mgomba. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa neno.

Alimpenda bado. Hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba alikuwa amekuja na upendo wote ule na hapakuwa na mtu wa kuupokea.

"Imma hajambo?" aliuliza Datius.

"Hajambo. Ana watoto wanne. Wa pili tumempa jina lako."

Datius akalia. Kokushubila alimwacha alie, kisha akamwambia chakula cha watu kitapoa, wakarudi kwa Ashura wakala samaki. Kesho yake boti iliporudi aliagana na nyumba nzima, akapewa dagaa wa kupeleka nyumbani.

Byabato alikuwa amesikia kwamba boti imeingia. Alikuwa ameoga, amevaa kanzu safi, ameketi kwenye mkeka na mgongo ukutani, miguu ameinyosha, mapaja tayari. Kokushubila alipoingia peke yake, mzee alitazama nyuma yake mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Datius alikufa, Ta," alisema Kokushubila. "Mtangulizi alimfananisha."

"Nilijua," alisema Byabato. "Angekuwa hai angerudi." Ikabidi wasaidiane kumwinua, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa.

Kuanzia siku ile Kokushubila hakupanda tena mwambani. Jumapili alitoka misa akaenda moja kwa moja kibandani. Damian, ambaye kwa miaka yote alichoshwa na ile fimbo ya kupimia kaburi, alimjia na habari aliyodhani ni njema: katibu amekubali, wanaruhusiwa kumzika kibanjani kando ya kaka yake.

"Popote," alisema Kokushubila.

"Popote vipi, shemeji?"

"Popote patakapokuwa rahisi kuchimba."

Damian aliondoka akiwa na hofu kuliko siku zote alizogombezwa.

Senene walitua Jumanne moja ya Novemba, asubuhi na ukungu. Rweya yote ilikuwa hai. Watu walitoka na madebe na vikapu, wakiinama na kuitana, na hata katibu aliahirisha kazi ya shamba la pamoja. Kokushubila naye aliokota. Akanyonyoa mbawa, akanyonyoa miguu, akakaanga kwa chumvi, akapakua kwenye sahani ile ile ya miaka yote. Mazoea yakamwinua, akafika mpaka mlangoni na sahani mkononi, uso kuelekea mwambani.

Hapo akasimama. Alisimama muda mrefu. Kisha akarudi ndani, akaketi kando ya moto, akachukua senene mmoja akamtia mdomoni. Akatafuna. Akachukua mwingine. Walikuwa watamu sana, na hilo ndilo lililomliza. Alikula huku machozi yanatiririka, mmoja mmoja, mpaka sahani ikabaki chumvi.

"Kokushubila."

Mzee alikuwa mlangoni, amempa mgongo, mwenge unawaka ndani ya ukungu. Kokushubila akafuta vidole kwenye kanga, akasimama.

"Nikupeleke kwa nani?" aliuliza Mtangulizi.

Alifikiri. Mama yake alikuwa kwa baba yake, katika nyumba ambayo yeye alitolewa akakalishwa kwenye mapaja ya wengine, si mtoto wa kule tena. Baba mkwe alimpokea kwa ajili ya Datius. Bibi yake alikuwa na watu wake. Alitafuta jina kama mtu anayepapasa gizani kutafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe, na mzee hakumharakisha.

"Tangulia tu, Ta," alisema. "Mimi nitakuja nyuma."

Mzee aliinua mwenge, akasita kama asiyejua ashike njia ipi, halafu akaanza kutembea. Kokushubila akamfuata.